Waliolima Jaruba la Chemchemi

Saemmal, Cheorwon
12 Septemba 2004

Mdogo wangu Jeom-rye,

Hujambo huko Incheon? Na shemeji Pil-ju, magoti yanamwacha alale? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema plasta ulizotuma zimemfaa sana mgongo, ila harufu yake imemfukuza paka. Yun-hui wetu bado anafundisha Chuncheon, bado hajaolewa, na ukimuuliza habari hiyo anakata simu. Mpunga umeiva vizuri. Tutaanza kuvuna wiki ijayo, kama askari wa geti la mpakani hawatatuletea sheria mpya ya kuingia mashambani.

Simu ingekuwa rahisi zaidi, lakini masikio yako uliyaacha kwenye kiwanda cha nguo, na mimi sitaki kupiga kelele mpaka kijiji kizima kijue mambo yetu. Ndiyo maana naandika.

Nimesikia Bwana Cheon, yule mfugaji wa Pocheon, amekuandikia kuhusu Jaruba la Chemchemi. Anataka kulinunua ajenge mabanda ya ng'ombe. Baba alituachia jaruba lile kwa majina mawili, langu na lako, na bila mihuri yetu yote miwili haliuziki. Sikukatazi. Nakuomba tu unisikilize.

Mwaka huu amekuja hapa binti mmoja, Seon, wa chama cha kulinda korongo. Anapita nyumba kwa nyumba na buti zimejaa tope, anakunywa kila anachopewa, hata ile pombe ya mchele ya Mama Bong-gu ambayo sisi wenyewe tunaikimbia. Anachoomba si kikubwa. Tukishavuna tuache mabua shambani, tusitifue udongo mpaka masika, na tufungulie maji yakae humo baridi yote. Korongo wakishuka kutoka kaskazini wakute punje zilizodondoka na konokono wa maji. Jaruba letu analitaka kuliko mengine yote kwa sababu maji ya chemchemi hayagandi. Na unajua maji yale yanakokwenda yakitoka kwetu: kwenye mfereji wa kijiji kizima. Ng'ombe wa Cheon wakijaa pale juu, Saemmal yote itamwagilia mpunga mkojo.

Nipe baridi moja. Korongo wakitua kwenye jaruba letu kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, ule wa Februari, usiuze. Wasipotua, nitakutumia mhuri wangu na sitasema neno.

Kaka yako,
Ok Chang-dal


Incheon
25 Septemba 2004

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeipata, na furushi la chestnuti pia. Nusu zilikuwa na wadudu, nusu tamu kupita kiasi. Asante. Mwambie wifi plasta nyingine zinakuja, na paka nitamnunulia samaki mkavu wa kumtuliza.

Sikukuu ya mavuno hatutakuja. Pil-ju hawezi kukaa kwenye basi muda wote ule. Nisamehe, na unimwagie kikombe changu kwenye kaburi la Baba.

Sasa hilo jambo lako. Nimeisoma barua mara nyingi nikicheka peke yangu. Wewe! Tangu lini unawahurumia korongo? Tulipokuwa wadogo ulikuwa unawatupia mawe na ukinifundisha na mimi kulenga. Sasa umezeeka umekuwa mlezi wao.

Lakini nikuambie ukweli. Tunakaa ghorofa ya nne na jengo halina lifti. Pil-ju akishuka asubuhi hapandi tena mpaka jioni, anakaa kwenye benchi la kituo cha basi kama mtu anayesubiri basi ambalo halipo. Watu wameshamzoea, wanampa magazeti. Jaruba lile ndiyo nyumba yetu ya chini, Kaka. Sina kingine cha kuuza.

Hata hivyo umeniomba, na hujawahi kuniomba kitu tangu niolewe. Chukua hiyo baridi moja. Bwana Cheon nimemwambia asubiri mpaka Mwaka Mpya. Amekasirika kidogo, ila atasubiri.

Korongo wako wakichelewa, usinilaumu mimi.

Mdogo wako,
Jeom-rye


Saemmal
14 Oktoba 2004

Mdogo wangu,

Sijui nikushukuru vipi. Wifi yako aliponiona nasoma huku nafuta macho alidhani kuna msiba. Asante, Jeom-rye. Kikombe chako nimemmwagia Baba, na kidogo nimekunywa mimi kwa niaba yake.

Tumeshavuna. Mchele wako wa mavuno mapya uko njiani, ule wa jaruba lenyewe, uonje unachotaka kuuza. Natania, usinune.

Mabua nimeyaacha yametandazwa shambani. Pyo Gil-man, mwenyekiti wetu, unamkumbuka yule mwenye sauti ya tarumbeta, alipita na trekta lake akasimama.

"Chang-dal! Umesahau kufunga mabua?"

"Sikusahau. Nimeyaacha."

"Umeyaachia nani?"

"Korongo."

Alizima injini kabisa ili anicheke vizuri. "Wenzako wanauza mabua kwa wafugaji, wewe unawatandikia ndege kitanda! Utawafulia na mashuka?" Siku ile ile habari ilifika mpaka kwa askari wa getini. Sasa kila nikipita wananiuliza kama wageni wangu wamefika.

Binti Seon peke yake hakucheka. Alitembea ukingoni mwa jaruba, akaniinamia kwa adabu kama mimi ni mtu mkubwa. Nikaona aibu nikamwambia aende kunywa chai kwa Mama Yun-hui.

Kesho nakwenda kufungua mlango wa mfereji niingize maji. Maji yakishatulia tutangoja. Wamezoea kufika mwishoni mwa mwezi huu.

Nisalimie Pil-ju hapo kwenye benchi lake.

Chang-dal


Incheon
20 Novemba 2004

Kaka,

Shikamoo, na uko wapi? Mwezi umepita bila neno. Barua niliyokutumia mwanzoni mwa mwezi hukujibu. Mchele ulifika, tumeula, Pil-ju anasema huo ndio mchele na ule mwingine ni changarawe.

Jana limefika sanduku la kimchi ya msimu wa baridi. Asante, kabeji imechachuka vizuri. Ila juu ya sanduku jina la mtumaji ni la Mama Bong-gu. Mama Bong-gu ananitumia kimchi mimi kwa sababu gani? Miaka yote unaandika wewe, kwa ule mwandiko wako unaolala kama mpunga uliopigwa na upepo.

Korongo wamekuja au hawajakuja? Kama hawajakuja sema tu. Sitakuuma.

Jeom-rye


Saemmal
1 Desemba 2004

Mdogo wangu,

Nisamehe ukimya. Shughuli zilikuwa nyingi. Wifi yako mzima, Yun-hui mzima, alikuja akakaa nasi siku kadhaa. Mama Bong-gu alisaidia kupeleka sanduku posta, ndiyo maana jina lake liko pale. Usitafute mambo.

Kuna habari mbaya na siwezi kuipamba. Baada ya barua yangu ya mwisho sikuwepo nyumbani kwa siku kadhaa. Niliporudi, nilimkuta Pyo na wenzake wamesimama mbele ya ua wetu, wote wanatabasamu, hata wale wasiojua kutabasamu. Pyo akaniambia, "Chang-dal, usihangaike na kitu. Tumemaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Shamba! Mabua tumeyafunga marobota, udongo tumeutifua, chini kabisa. Lako lote, na Jaruba la Chemchemi pia. Wewe pumzika."

Walileta na supu ya mkia wa ng'ombe. Jeom-rye, ningesema nini? Niliwashukuru mmoja mmoja. Nikanywa supu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Punje zote zimezikwa. Na trekta liligeukia ukingoni likaukata, maji yote yakakimbilia mferejini, na kwa sasa ardhi imeganda, ukingo haujengeki mpaka masika. Ukiangalia jaruba letu leo ni mabonge ya udongo mgumu tu.

Binti Seon alipoliona alishika kichwa. Pyo alipomwona hivyo akaja kuniuliza, nikamweleza kila kitu, pamoja na ahadi niliyokupa. Alinyamaza. Pyo Gil-man, alinyamaza!

"Nilidhani ulituambia ule utani kwa sababu ulishindwa kufunga mabua," akasema mwishoni. "Nilidhani ulikuwa unaona haya kuomba msaada."

Hiyo ndiyo hali yetu. Walifanya kwa wema, usiwachukie.

Chang-dal


Incheon
9 Desemba 2004

Kaka,

Leo sikusalimii kwanza.

Mimi nimezaliwa Saemmal. Najua kwetu mtu mwenye afya halimiwi shamba na jirani hivi hivi tu. Watu hubadilishana kazi, leo kwangu kesho kwako. Lakini kuja kijiji kizima, kulima shamba lote mwenyewe hayupo, kumpokea na supu ya mkia na kumwambia apumzike, hilo hufanywa kwa watu wa aina mbili. Aliyekufa na mgonjwa. Hujakufa, maana umeniandikia.

"Sikuwepo siku kadhaa." Ulikuwa wapi? Kwenye ziara ya kutalii? Yun-hui aliacha darasa lake akaja kukutazama macho?

Niandikie ukweli, Chang-dal. Usipoandika nitakuja mwenyewe na Pil-ju nitambeba mgongoni.

Jeom-rye


Saemmal
20 Desemba 2004

Mdogo wangu,

Umeniita kwa jina. Tangu uzaliwe hujawahi. Basi nimekusikia.

Ni moyo. Siku ile nilipokwenda kufungua mlango wa mfereji, ulikuwa umekaza, nikauvuta kwa nguvu, maji yakaanza kuingia, na mimi nikaanguka nayo. Askari wa getini waliona kofia yangu inaelea wakaja mbio. Watoto wadogo wale, wa umri wa kwenda shule, walinibeba kwenye gari lao mpaka hospitali ya Uijeongbu, na mmoja alinishika mkono njia nzima akiniita babu. Jina lake sikulipata, na sasa amehamishwa. Kila siku namwombea.

Nimewekewa kifaa kwenye mshipa. Natembea. Kubeba kitu kizito, kuinama muda mrefu, kuvuta milango ya mfereji, mambo hayo yamekwisha kwangu. Nilikuficha kwa sababu una ngazi zako na Pil-ju wako, nikaona mzigo unakutosha. Usinikasirikie.

Sasa nikuambie jambo zuri. Pyo aliita mkutano kwenye ukumbi wa kijiji. Alisimama akasema, "Mimi nimeharibu shamba la mgonjwa kwa kumsaidia. Nani bado hajatifua?" Walikuwepo wachache, na Mama Bong-gu mmoja wao. Pyo mwenyewe alikuwa amebakiza jaruba lake kubwa, lililo ng'ambo ya mfereji wetu. Basi wote wamekubali: hawatatifua, na maji wameyafungulia. Marobota ya mabua yetu Pyo alikuwa bado hajayauza. Aliyarudisha, wakayakata na kuyatandaza upya juu ya yale mabonge, wazee na wake zao, kwenye upepo unaokata masikio. Mimi waliniweka kwenye kiti ukingoni na blanketi kama bibi harusi. Nililia na sikujificha.

Bado hakuna aliyetua kwetu. Wanapita juu, tunawasikia wakiita.

Hukusema kitu kuhusu Bwana Cheon katika barua yako. Anasubiri bado?

Chang-dal


Incheon
5 Januari 2005

Kaka, shikamoo.

Asante kwa kusema ukweli, ingawa umechelewa. Nimekutumia mizizi ya jinsengi nyekundu. Mwambie wifi akuchemshie, na asikuache uende popote bila kofia. Askari yule namwombea na mimi.

Baridi ni kali. Tumehama, ngazi zimetushinda. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Usipande baiskeli.

Jeom-rye


Saemmal
28 Januari 2005

Mdogo wangu mpendwa,

Jinsengi nimeipata, nakunywa kila asubuhi, chungu kama maneno yako. Natembea mpaka getini na kurudi. Daktari ameridhika, na Mama Yun-hui amepunguza kunifokea.

Korongo wamekuja, Jeom-rye. Ningetamani uwaone. Wapo wa shingo nyeupe na wapo wale wakubwa wa utosi mwekundu, baba, mama na mtoto wa rangi ya chai. Wamejaa kwa Mama Bong-gu. Wamejaa zaidi kwa Pyo. Anatembea kijijini kama aliyepata mapacha, anawaambia watu washushe sauti, yeye! Maji ya mfereji yamekaa angavu, unaona mpaka konokono chini.

Kwetu hajatua hata mmoja. Mfereji tu ndio uliotutenga, lakini maji hayakai na punje ziko chini ya udongo. Wanasimama ng'ambo, wanatazama yale mabonge yetu, wanageuka.

Jana Pyo alikuja kunishawishi. "Mwandikie dada yako wametua. Nani atajua? Korongo hawana vitambulisho."

"Nitajua mimi."

"Basi nitawafukuza kwangu waje kwako!" Na alikuwa tayari kweli, ameshavaa buti. Nikamzuia.

Ahadi ni ahadi, na Mwaka Mpya wa mwezi uko mlangoni. Nilipoona anwani yako mpya nilielewa kuwa Bwana Cheon ameshakupa kitu cha kuanzia, na nimefurahi kwamba Pil-ju hapandi tena ngazi. Nasema kwa moyo wangu huu uliobaki. Ulinipa baridi nzima na hukulazimika. Nimepata kuwaona majirani zangu jinsi walivyo, na kabla ya hapo nilikuwa nawajua kwa kelele zao tu. Yote hayo nayahesabu kuwa zawadi yako.

Mhuri wangu uko humu ndani, nimeuzungushia pamba. Hati mtaandikiana na Cheon. Ninachoomba tu, mwambie asielekeze maji ya mabanda kwenye mfereji.

Kaka yako,
Chang-dal


Incheon
4 Februari 2005

Kaka, shikamoo, tena ya magoti yote mawili.

Mhuri wako unarudi na barua hii. Mtu mwenye akili timamu hatumi mhuri wake posta! Je, ungepotea? Pil-ju alipoufungua alidhani ni dawa.

Bwana Cheon nilimkatalia siku ile ile niliyopeleka posta ile barua ya kukuita kwa jina. Tangu Desemba. Alinifokea sana kwenye simu, lakini unajua masikio yangu, nilimwitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka akachoka.

Sikukuambia kwa makusudi. Wewe ulinificha moyo wako, mimi nikakuficha jibu langu. Sasa tumelingana, na usirudie tena. Lakini niliposoma unanifurahia nyumba unayodhani nimeinunua kwa kukunyang'anya jaruba, niliona aibu kubwa, nikalia mpaka Pil-ju akaja na taulo. Nisamehe, Kaka.

Nyumba yenyewe hatukununua. Tumebadilishana na mpangaji wa chini wa jengo la jirani, kijana anayetaka kuona bahari dirishani. Sisi tuko nyuma ya duka la samaki, chumba kimoja badala ya viwili. Pil-ju ananuka samaki lakini anatoka na kuingia apendavyo. Muuza samaki amempa kazi ya kukaa mlangoni na kufukuza paka. Ana furaha ambayo sijaiona kwake miaka mingi.

Utaniuliza kwa nini nilikataa kabla ya kujua kama ndege watatua? Si kwa ajili ya ndege. Nilikuwa nimeshika barua yako, nikafika pale Pyo anaposema, "Wewe pumzika." Nikaona: hawa ndio watu watakaokunywa yale maji ya Cheon. Wameacha mashamba yao wamekwenda kulima la kaka yangu mgonjwa, na mimi dada yake, damu moja, niko huku nawauzia mkojo wa ng'ombe. Mhuri wangu ulikuwa mkononi, nikaurudisha kabatini. Kama wameharibu, wameharibu kwa mapenzi, na hakuna korongo wa kunilipa kitu kama hicho.

Mwambie Binti Seon alete hati za chama chake, mimi nakubali kama mwenye shamba. Si kwa baridi moja. Mpaka nife, na Yun-hui akitaka aendelee.

Halafu, Kaka, kuna jambo moja. Kwetu aliyelimiwa hurudisha kazi. Kijiji kimekulimia, na wewe huruhusiwi hata kuinama. Najua linakukera ingawa hulisemi. Basi mwambie Pyo aniweke kwenye zamu ya kupanda mpunga mwezi wa tano, kwake kwanza, kisha kwa Mama Bong-gu, kisha kwa yeyote aliyeshika mabua siku ile ya upepo. Pil-ju atabaki na samaki wake.

Nimekaa mjini miaka mingi na mgongo wangu umesahau kazi. Watanicheka, najua. Waache wanicheke. Mimi ndimi nitakayewarudishia kazi unayodaiwa.

Mdogo wako,
Jeom-rye